Tulituma Kwenye Grupu

Mimi si mshamba wa simu, tuelewane hapo kwanza. Simu ya kupangusa ninayo mwaka wa tatu huu, alininunulia binti yangu aliyeko Dar es Salaam. Kupokea najua, kupiga najua, kurekodi sauti na kuituma ndiyo usiseme. Hasira yangu ni kwa watu wa mji huu wa Ujiji, watu ambao nimewaoshea mama zao na bibi zao, wakanikosesha kumwosha mwenzangu, kisha wakanikazia macho wakasema, "Bibi, mbona tulituma kwenye grupu?"

Kazi yangu ni kuosha maiti za kike. Tulifundishwa wawili, mimi na yeye, na mama mmoja mtu mzima wa mtaani kwetu, wakati ule mimi nina mtoto wa kwanza mgongoni. Huyo wa pili ndiye ninayemwita mwenzangu. Jina alikuwa nalo, lakini mdomoni mwangu hakuwahi kuwa na jingine zaidi ya hilo. Yeye alishika kichwa, mimi nilimimina maji. Na alikuwa na tabia yake ya kuzungumza na maiti, taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa: "Mama, tunakugeuza sasa ubavu wa kushoto. Tulia hivyo hivyo, tunamaliza." Wasichana waliokuja kujifunza walikuwa wakimcheka. Mimi sikumcheka hata siku moja, kwa sababu niliona mikono yangu inatulia anaposema.

Siku moja tumemaliza kazi, tunakamua kanga uani, akaniambia bila kunitazama, "Nikitangulia mimi, unishike wewe. Asinishike mwingine." Nikamwambia na mimi vivyo hivyo. Tukapeana mikono yenye maji, yakaisha.

Alikuwa na sababu yake. Mwilini mwake palikuwa na kitu ambacho aliishi akikificha. Hata tulipokuwa wasichana, wenzetu wakivua kila kitu kuoga ziwani, yeye aliingia majini na kanga yake na kutoka nayo. Mimi nilikijua, naye alijua ninakijua, na hatukuwahi kukizungumza. Muoshaji akiona jambo hulifukia pale pale, kwa hiyo hata humu sitalisema. Jua tu kwamba ile ahadi kwake haikuwa maneno ya kupitisha muda.

Zamani msiba ulikuja kwa miguu. Mtu anasimama mlangoni, hodi, hasubiri hata kukaribishwa, anasema, "Unaitwa." Unaacha ugali motoni, unatwaa kanga, unakwenda. Hata wa Kagunga kule mpakani, akifiwa na ndugu huku mjini, alipandishwa mtu kwenye boti akamfuate. Vikaja vile vitochi, simu ndogo za kubonyeza, sawa, ukapigiwa, ukasikia sauti ya mtu inatetemeka, ukajua kazi ipo. Sasa kuna grupu. Grupu la akina mama wa mtaa! Asubuhi linafunguliwa kwa maua na vikombe vya chai vinavyotoa moshi. Anafuata mwenye dua ndefu, anafuata anayeuza viatu vya mtoto, anafuata mwenye video ya mbuzi anacheza ngoma. Halafu katikati hapo, kati ya viatu na mbuzi, wanaweka maiti ya mtu. Na aliyeiweka anarudi zake kumenya vitunguu, roho nyeupe, ameshatangaza.

Mwenzangu miguu ilipomkatalia alihamia kwa mwanawe kule Rusimbi. Ni mji huu huu jamani, bodaboda dakika kumi. Mwanzoni nilikwenda kila Ijumaa. Baadaye na magoti yangu yakaanza visa vyake, tukahamia kwenye sauti. Kila baada ya swala ya alfajiri simu inalia, na salamu yake ya Kiha ya asubuhi inafungua siku: "Mwakeye, we mwanamke! Umeamka au umefumbua macho tu?" Atanieleza alichokula, kuku waliomchokoza, mkamwana alivyounguza maharage. Mimi simu naitia ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue, namsikiliza huku naanika dagaa. Akimaliza namjibu. Na sikufuta hata sauti yake moja. Ningefutaje? Nyingine nilizirudia mara tatu.

Binti yangu alinionya. "Mama, simu yako ndogo hiyo, itajaa. Uwe unafuta vitu." Nikamwambia nitafuta. Kufuta kwenyewe sikujui. Alishanielekeza mara mbili kwa simu, bonyeza hapa, shikilia hapa, na mara ya pili nilipomwambia arudie, akavuta pumzi. Mnaijua ile pumzi? Hasemi kitu, anaivuta tu. Mimi nilimfundisha mtoto yule kupenga kamasi, kujisitiri, kukaa na watu, kusoma juzuu ya kwanza, na sikumvutia pumzi. Basi sikuuliza tena. Ikawa kila nikifungua simu kinatokea kijibao cha Kiingereza, chini yake maneno mawili ya kubonyeza. Nikibonyeza la kushoto kinaondoka. Nikasema alaa, dawa yake kumbe hii. Nikakibonyeza wiki nzima nikijiona fundi.

Kisha mwenzangu akanyamaza. Siku ya kwanza nikasema amechelewa kuamka. Ya pili nikakumbuka kwamba sauti ya mwisho niliyomtumia nilimtania, nikamwambia mchuzi wa samaki, migebuka, wa mkamwana wake unaushinda wa kwake. Nikasema ehe, amenuna. Haya, kama ni kununa hata mimi ninajua. Siku nne nikakaa na shingo yangu imesimama, namsubiri aanze yeye. Siku nne!

Ya tano, alasiri, niko mwaloni, kando ya ziwa, nageuza dagaa. Wakapita wanawake watatu wa mtaani kwetu, wamejitanda, macho mekundu. Mmoja akasimama. "Shikamoo, Bibi. Pole sana. Tumekukosa leo."

"Marahaba. Mmenikosa wapi?"

Wakatazamana. Yule mdogo wao akasema, "Kwani hujaona kwenye grupu?"

Sikumbuki nani aliyebaki na dagaa wangu. Nakumbuka niko juu ya pikipiki, mikono inanuka samaki, namwambia kijana kimbiza, naye ananiambia, "Mama, nakimbiza." Nilipofika Rusimbi turubai limefungwa, wanaume wamesharudi makaburini. Walimzika baada ya adhuhuri. Ule muda wote mimi nilikuwa juani nafukuza kunguru kwenye dagaa.

Mkamwana wake alinishika miguu akalia. Ni mtoto mzuri, simkatai. Lakini nilimuuliza, na sauti yangu ilisikika mpaka barabarani, "Kwa nini sikuitwa?"

"Mama, tulituma tangu saa moja asubuhi. Nikakupigia, haikuita."

"Ulinipigia vipi?"

"Humo humo kwenye grupu, Mama. Kwa bando. Dakika za kawaida nilikuwa sina."

Nikatazama pale uani. Nilihesabu pikipiki tatu zimeegeshwa. Vijana wenye miguu yao walikuwa wamejaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja kainamia simu. Nikasema, "Kutoka hapa mpaka kwangu, katika watu wote hawa, hakukuwa na mwenye miguu?" Mzee mmoja akasema eti walipoona niko kimya walidhani naumwa, hawakutaka kunisumbua. Kunisumbua! Nimeamshwa kwa ajili ya misiba ya wajukuu wenu, leo mmejifunza adabu.

"Na nani kamwosha?"

Wakanionyesha wasichana wawili wa ukoo. Wana heshima zao, wameshika vichwa chini. Nikawauliza nani kawafundisha. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Tulifuata video, Bibi." Simu wameiegesha dirishani, mtu wa kwenye video anasema mimina hapa na wao wanamimina hapo, akienda mbio wanamsimamisha, wanamrudisha nyuma, maiti anasubiri. Miaka yote ile sisi tulikuwa tukiziba dirisha la chumba cha maiti kwa kanga, tunaziba hata tundu la kitasa, ili jicho la mtu lisiingie. Wao wameleta kitu chenye jicho wakakiweka dirishani penyewe. Nikawauliza, mmelileta jicho ndani?

Yule aliyenijibu akasema, "Lakini hatukurekodi, Bibi. Wallahi tena."

Na mwenzie, nadhani alitaka tu kunizungumzisha, akainama akaninong'oneza, "Bibi, kumbe marehemu alikuwa na..."

"Funga domo lako!"

Msomaji wa Yasini akasita. Sijuti. Yule msichana aliniangalia kama aliyepigwa kofi, na kweli mkono ulikuwa umeshaniinuka, ni Mungu tu aliyenishikia. Nilimwambia polepole, nikimtazama machoni, kwamba akilitoa neno lile kwa mtu yeyote, awe mama yake au mumewe, mimi na yeye tutaonana mbele ya haki. Akaitikia kwa kichwa. Nitaamini vipi? Nitakufa bila kujua kama alilifukia.

Siku ya tatu, siku ya kuanua tanga, nilikaa chumbani alikokuwa akilala, juu ya kitanda chake. Mkamwana akaingia na kikombe cha chai. Akaiona simu yangu imelala pembeni, akaomba aitazame. Hakuvuta pumzi, hilo nitamsifia. Akapangusa, akapangusa tena, akasema, "Mama, imejaa. Wiki nzima hakuna kitu kilichoingia."

"Kwani inajaa nini, gunia?"

"Hizi hapa ndizo zilizojaza sana." Akanigeuzia kioo. "Ni sauti za marehemu. Ziko nyingi mno. Nizifute?"

"Thubutu!"

Akaitoa mikono haraka kama aliyeshika sufuria la moto. Mimi nikabaki namtazama, ndipo maana ya alichosema ikanifikia. Salamu zake nilizozitunza ndizo zilizofunga mlango, salamu zake mpya zikakosa pa kuingilia. Watu wa grupu nimewatukana, na nitaendelea kuwatukana, kwa sababu wamekosa. Lakini mimi nilibonyeza neno la kushoto wiki nzima kwa kiburi cha kutouliza. Mimi nilinuna siku nne. Na magoti haya haya yaliyonipandisha pikipiki siku ya mazishi yangeweza kunipandisha siku yoyote kati ya zile nne, nikaenda kumwambia mwenzangu, acha ujinga, mchuzi wako ni mtamu. Hasira ya hilo sina pa kuitupa. Ninayo hapa hapa kifuani.

Nikamwambia mkamwana, "Futa maua. Futa vikombe vya chai, futa yule mbuzi, futa kila takataka ya grupu lao. Sauti yake usiiguse."

Akafuta. Mara simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake, haikomi, kila iliyokuwa imezuiwa nje inaingia. Lilipita tangazo la msiba, limefuatiwa na vijikono vya dua arobaini vya watu ambao hawakunyanyua mguu. Kisha zikaja sauti nne za mwenzangu. Tatu zilikuwa za kunigombeza, mbona kimya, mbona kimya. Ya nne aliituma jioni ya kuamkia siku aliyofariki. Mkamwana alitaka kuondoka, nikamshika mkono, nikamwambia kaa usikilize.

"Mwakeye... aa, jioni hii, nimesahau. We mwanamke, utanuna mpaka lini? Mchuzi nimekusamehe. Kifua kimenibana tangu jana, nikipumua kinakwaruza. Nimewaambia hawa wakuite, wananiambia wameshatuma. Nikawaambia mtu wa kunishika mimi hatumiwi, anafuatwa. Wanacheka. Haya, mimi miguu sina, na mimi natuma. Njoo kesho asubuhi. Njoo na zile kanga zetu za dirishani."

Mkamwana alifunika uso kwa mtandio. Sikumbembeleza. Aliyasikia yale maneno akiwa hai aliyeyasema, akacheka, sasa ayasikie tena.

Nilichukua simu yangu. Nikakibonyeza kile kidude cha kurekodi na kukishikilia, kama nilivyofanya kila asubuhi, nikasema, "Mwenzangu, nilinuna, nisamehe. Ila wallahi sikuitwa. Nilikuwa hapa hapa mwaloni, naanika dagaa." Nikaachia.

Ndani ya mkoba wa mkamwana, simu ya marehemu ikalia. Hiyo ilifika papo hapo.