Bosi Kanipekua Mbele ya Wateja, Kasahau Laini ya Oda Ni Yangu

Admin, jina langu nifichie, ila sifa zangu ziache zilivyo. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, mzaliwa wa Gulwe, nimepanga chumba Nkuhungu hapa Dodoma. Shule niliishia kidato cha pili, hesabu zilinikataa na mimi nikazikataa. Lakini nipeni meza kumi na nne zimejaa watu, kila mmoja aagize chake, sishiki kalamu wala karatasi, na kila sahani itatua mbele ya mwenyewe. Anayebisha aje.

Nimehudumu kwenye mgahawa mmoja hapa mjini miaka mingi. Kabla ya korona tulikuwa wahudumu tisa. Korona ilipopamba moto wateja wakakatika, bosi akawaambia wenzangu kapumzikeni, mtaitwa. Wateja walisharudi zamani, wenzangu hawajaitwa mpaka leo. Bosi aligundua kwamba mjinga mmoja anaweza kufanya kazi ya watu tisa, na mjinga huyo ndiye anayewaandikia. Nahudumia, naosha vyombo, nakamua juisi, nadeki choo. Jikoni kabaki dada Rehema peke yake. Chakula kikichelewa natukanwa mimi, bosi yuko kaunta anachezea simu.

Kilichoniweka pale ni hela ya soda, maana wateja wananipenda, sijisifu. Bosi akaona wivu. Akaweka kaunta boksi lenye kufuli, bakshishi zote zitumbukizwe humo, eti atatugawia. Ufunguo kwake. Sijawahi kuliona limefunguka.

Sasa Jumanne iliyopita, mchana, watu wamejaa. Kuna mzee mmoja wa ofisi za serikali, mteja wangu wa ugali na mlenda. Alipomaliza kula nikamsindikiza mlangoni, akanipa mkono wenye noti ndani. "Kijana, nimekuangalia unavyokimbia peke yako. Hii siyo ya boksi, hii yako." Nikasema asante mzee, nikatia mfukoni, akaondoka zake.

Nikasikia sauti kama ya mnadani: "We dogo! Njoo hapa, toa ulichoficha."

Nikamweleza. Akasema humu ndani kila kinachotoka mkononi mwa mteja ni chake. Akanipekua mwenyewe, katikati ya meza, mifuko ikaning'inia nje, viatu nikavuliwa. Watu wameshika matonge hewani. Akaipunga ile noti: "Mnamuona mwizi? Huyu nimemtoa Gulwe anauza mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya treni!"

Jamani, mayai niliuza, tena yalikuwa matamu. Lakini mwizi? Na kuna waliocheka, watu ambao nawajua kila mmoja anapenda pilipili kiasi gani. Nikavua aproni nikaitupia juu ya sahani yake ya pilau. Akasema, "Nenda, wahudumu wamejaa stendi kama kuku wa kuuzwa."

Sasa sikilizeni utamu. Wakati wa korona ofisi zilianza kuagiza chakula kwa simu. Bosi akataka laini maalumu ya oda, lakini kitambulisho chake cha taifa kilikuwa na jina lililokosewa, usajili ukagoma. Akaniambia, "Dogo, weka kidole chako wewe." Nikaweka. Namba hiyo kaichora ukutani, kaichapa kwenye menyu na mgongoni mwa aproni. Laini ina jina langu, na inakaa kwenye simu yangu. Siku ile ananipekua, simu aliishika mkononi kabisa, akanirudishia! Macho yalikuwa kwenye noti.

Basi tangu Jumatano nimelala kitandani Nkuhungu napokea oda. "Habari, tunaomba wali kuku kumi na mbili." Najibu kwa adabu zote: "Samahani mheshimiwa, leo hatupiki, bosi anaharisha." Nacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Juzi kukaingia oda kubwa. Semina, watu mia na hamsini, siku tatu, wiki hiyo hiyo wabunge wanapoingia mjini. Nikaenda kwa Mama Neema anayepika ng'ambo ya barabara, anatazamana na mgahawa wa bosi. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Akasema, "Marahaba mwanangu. Moto ninao, wateja ndio sina. Niletee."

Nilikuwa nishafurahi, jioni dada Rehema akaja kwangu. Hakukaa. "Mdogo wangu, leo nimemwaga sufuria mbili za wali. Bosi kasema Jumatatu kusipokuwa na oda na mimi nisirudi." Nikamwambia twende wote kwa Mama Neema. Akanikatalia. "Mume wangu alipofariki, yule bosi ndiye aliyekodi gari mpaka Kondoa, akashika jeneza. Nitasimamaje ng'ambo namtazama anafunga mlango? Mrudishie laini yake."

Yake?

Jana bosi kanipigia kwa namba ngeni. "Mwanangu, umeshakula?" Miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza nimekula. Akasema nirudi, boksi atalitoa, ataleta na wahudumu wengine wawili, na ananiomba radhi. Nikamwambia bosi, radhi hiyo uje unipe saa saba mchana, meza zimejaa, usimame pale pale uliponivulia viatu, useme mimi siyo mwizi. Akasema, "Si nimekuomba radhi hapa kwenye simu?" Nikamwambia simu haina wateja. Akakata.

Wale wa semina wanataka jibu kesho kabla ya saa sita. Nikimpa Mama Neema, bosi kwisha habari yake, na moyo wangu unataka hivyo, siwadanganyi. Ila dada Rehema atakuwa wa kwanza kufukuzwa. Nikirudisha laini, dada anapona, na mimi nabaki mwizi machoni pa watu wote wale. Msiniletee habari za kusamehe saba mara sabini, nimeshawaambia hesabu zilinikataa. Ninyi mliowahi kuvuliwa viatu hadharani, niambieni: hiyo oda niipeleke upande gani wa barabara?