Koti Lililokaa Kitini

Kazi yangu ilikuwa kuosha picha za wanawake. Mhindi mwenye studio alijua waume hawataki mwanamume mwengine azitazame sura za wake zao zikitokea dawani, ndiyo akaniajiri mimi, mtu wa darasa la tatu. Alinifundisha kwa mdomo. Filamu huoshwa kwenye kiza kitupu, saa haionekani, basi nisome sura ya Qul-huwallahu mara thelathini kisha nitoe. Na kila siku beseni la dawa alilizungushia barafu.

"Dawa ikipata joto ina njaa, dada," alikuwa akisema. "Inakula upesi."

Mume wangu walimchukua wiki chache baada ya mapinduzi. Sisemi serikali. Nasema mwenyekiti wa tawi la mtaa wetu, aliyekuwa akifuturu kwangu. Yeye ndiye aliyewaonyesha mlango. Picha za nyumbani walizibeba zote walipopekua. Imebaki moja, aliyopigwa studioni wiki ile ile waliyomchukua, amevaa koti jeusi, na filamu yake haijaoshwa.

Askari mmoja wa jela akaniambia: "Niletee sura yake Ijumaa baada ya sala, nkutazamie kama yumo."

Nilitaka kujua hilo tu. Mimi ni mke bado, au ni mjane nikae eda?

Ijumaa asubuhi mwenyekiti yule yule alikuja na watu wawili wakachukua friji ya studio, ati ya wananchi. Mhindi akawafuata na risiti mkononi. Nikabaki peke yangu, joto la kaskazi limekaza, barafu hakuna. Nilitia kidole dawani, vuguvugu, kama maji ya kumkoshea mtoto. Nikafunga mlango.

Nikasoma thelathini. Tena siku ile nilisoma polepole, kila herufi nikaipa haki yake, kwa sababu alikuwa mume wangu. Lile neno la njaa halikunijia kabisa. Kizani niliisikia filamu ikiteleza vidoleni kama ngozi ya pweza.

Nilipoichapa karatasini, koti lilitoka vizuri, na vifungo vyake. Limekaa kitini, limejaa mabega. Juu ya kola, peupe, uso umeliwa. Mwisho wa mikono, peupe. Nikalitazama, nalo kama linanitazama.

Nikaenda nayo hivyo hivyo. Askari akaitazama kitambo.

"Yumo," akasema. "Mletee chakula na nguo."

"Umemjuaje?"

"Bibi, nshakwambia yumo."

Nikapeleka miaka miwili, kila Ijumaa, wali na samaki, na kanzu kila Idi. Vyombo vikirudi vitupu. Kisha wafungwa wakafunguliwa kundi zima. Nikamuuliza mmoja, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyewahi kumwona ndani, hata siku moja.

Basi nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, nikiihesabu tangu siku ile niliyoambiwa na hao waliofunguliwa, maana siku yenyewe aliyokufa hakuna aliyenipa.