Vitabu Visivyo Rafuni

Shangazi yangu ni mkutubi wa chuo kilekile nilichokiacha njiani. Juzi mkuu wa chuo alimletea fomu: athibitishe kwamba programu mpya ya akili mnemba inaaminika, la sivyo ahamie stoo. Shangazi akaiomba programu vitabu vitano kuhusu udongo, akampa mkuu orodha.

"Bosi, nenda rafuni ukaniletee."

Ndivyo anavyowafundisha wanafunzi wote. Mkuu akarudi na vumbi kwenye suti na vitabu viwili. Vitatu vilivyobaki havimo kwenye orodha ya maktaba yoyote; havijawahi kuandikwa na binadamu yeyote.

"Lakini majina yake yanavutia," akasema, bila hata haya.

Shangazi akamrudishia fomu tupu. "Programu ikijifunza kusema haijui, nitasaini."

Jumatatu anahamia stoo.