Mama Taya na nondo yake ya sikioni

Saa mbili kasoro asubuhi, mashine ya kuvunja mawe inanguruma, na mwanamke mwenye ovaroli ya bluu ameegemeza ncha moja ya kipande cha nondo kwenye chuma kinachofunika beringi. Ncha nyingine iko nyuma ya sikio lake. Amefumba macho. Wenzake wote kimya, utadhani wao ndio wenye kelele.

"Hajafa huyu," anasema hatimaye. "Ameshiba tu."

Machimboni wanamwita Mama Taya, kwa sababu ya mataya mawili ya chuma yanayotafuna mawe makubwa kama ndoo na kuyatema kokoto. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa akiyahudumia. Alianza kwa kufagia chini ya mkanda unaobeba kokoto, hadi siku alipomwonyesha fundi wa zamani boliti iliyolegea kabla mwenyewe hajaiona.

"Mzee yule alikuwa mkali, weee! Lakini tangu siku hiyo akaniita mwanangu," anasema.

Leo kuna kazi. Beringi ya upande wa kulia inachemka, mkono haukai juu yake. Mhandisi, kijana mwenye kipima joto, ameshaandika ripoti: beringi imekufa, iagizwe nyingine. Kuisubiri ni wiki tatu, na kwa wiki hizo watu ishirini na wanane watakaa nyumbani bila kazi, Mama Taya akiwemo.

"Mama, kipimo hakidanganyi," mhandisi anasema kwa heshima.

"Kimesema kweli, mwanangu. Ni moto. Ila hakikukwambia kwa nini."

Beringi iliyokufa, anaeleza, hulia kama mtu anayetafuna mchanga. Hii inatoa sauti nzito, moja tu. Anazima umeme, anafunga swichi kwa kufuli na ufunguo anautia mfukoni. Anafungua kifuniko. Grisi inafurika mpaka kwenye buti zake. Anaisugua kidogo kati ya vidole: laini, haina chenga hata moja ya chuma.

"Haya, nani kamlisha hivi?" anauliza, macho makali.

Mwendesha mashine anaonyesha kwa kidevu kibao kilicho ukutani: *Grisi pampu kumi kila zamu ianzapo.* Mwandiko ni wa Mama Taya. Alikiandika wakati zamu ilikuwa moja kwa siku. Tangu mwezi uliopita ziko mbili, na zote zimetii bila kubisha, hivyo beringi imelishwa maradufu, na grisi ikizidi huleta joto.

"Kumbe mbaya wenu ni mimi!" Anacheka hadi anashika kiuno. "Na mlivyo waoga, hakuna hata mmoja aliyeniuliza?"

"Tukuulize wewe, Mama?" mwendesha mashine anasema. "Nani ana roho hiyo?"

Anakifuta kibao na kuandika upya. Grisi ya ziada inatolewa, mashine inawashwa bila mawe. Nusu saa ya kwanza joto halishuki. Mama Taya anairudisha nondo sikioni. Saa nzima inapotimia, mhandisi anaweka kiganja juu ya chuma, na kiganja kinakaa. Jiwe la kwanza linapoingia kwenye mataya, watu wanapiga vigelegele.

Fundi huyu hana cheti. Kwa miaka mitano amekuwa akitembea na fomu ya mtihani wa ufundi, na wahandisi wawili waliotangulia walikataa kuisaini, wakidai hana shule. Leo mhandisi anaichana ripoti yake, kisha ananyoosha mkono.

"Nimesikia una fomu, Mama. Ilete."

Inatoka mfukoni, imekunjwa mara nne, ina alama ya dole gumba la grisi. Mhandisi anasaini palepale, juu ya pipa. Kisha anaomba nondo.

"Vua kofia kwanza," Mama Taya anamwambia. "Husikii kitu na kofia."

Mtihani ni baada ya miezi miwili. Cheti ameshakipangia mahali: sebuleni, mkabala na viti vya wageni.

"Wakae wakiangalie," anasema, "mpaka chai yao ipoe."