Bibi Aliyekwenda Mbeya Kutazama Watu

Juzi juzi nilikwenda kijijini kwetu Masoko nikiwa nimejiapiza kwamba safari hii nitatulia. Niliwaaga wenzangu Dar es Salaam nikawaambia nimechoka, nakwenda kulala, kula ndizi na kusikiliza mvua. Asubuhi ya pili, chai haijapoa, nikamwuliza wifi yangu kama magari ya Tukuyu bado yanapita pale njia panda. Alikuwa amekaa kibarazani anamenya ndizi za mbalaga, zile zinazopikwa na nyama mpaka mchuzi unakuwa mzito. Hakuinua hata kichwa.

"Umeanza," alisema. "Bibi yako mtupu."

Nilicheka, lakini maneno yake yalinikaa siku nzima. Acha nikusimulie habari za huyo bibi, maana najua sijawahi kukusimulia zikaisha.

Alikuwa mama mzaa baba, na watu wa Masoko walisema hajui kukaa. Walisema kweli. Wazazi wangu walikuwa walimu upande wa Chunya, wakaniacha kwake nianze shule. Nyumba yake ilizungukwa na migomba kiasi kwamba siku za mvua tuliwasha taa mchana. Tulichota maji, tukamkatia ng'ombe majani, na msimu wa kahawa ukifika nikaenda shule vidole vyangu vinanuka maganda. Kazi zote hizo Bibi alizifanya mbio mbio, kama mtu anayefagia nyumba ili apate kutoka. Na kweli alikuwa anatoka. Parachichi zikishauzwa tu, ungemwona amesimama mlangoni, anatazama juu kwenye barabara, halafu ananigeukia na kile Kiswahili chake ambacho hakikuwahi kupatana na herufi z.

"Gwe mtoto, vaa viatu. Leo mjini kusuri."

Mjini haikuwa Tukuyu. Tukuyu kwake ilikuwa mahali pa kubadilishia gari. Mjini ilikuwa Mbeya.

Hatukwenda hospitali, wala kwa ndugu, wala kununua mbolea. Tulikwenda kula na kutazama. Tulianzia sokoni Mwanjelwa, na Mwanjelwa tulianzia kwenye moshi wa mishkaki. Baada ya hapo chipsi mayai, ambayo Bibi aliila amesimama, anapuliza vidole, kwa sababu alisema aliyekaa haoni watu vizuri. Halafu juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi, ikawasha koo, tukaongeza. Tumbo likishatulia tulihamia kwenye nguo. Tulipita mabanda ya mitumba, tukafika kwenye maduka yenye midoli iliyovalishwa mlangoni. Bibi aliuzunguka mdoli kama mtu anayetaka kununua ng'ombe, akainua pindo kwa kidole kimoja, akachungulia mshono kwa ndani. Wauza duka walimwuliza asaidiwe nini.

"Nasoma," aliwajibu, akaendelea.

Mchana tulifuata kelele. Kwaya zikishindana, tuliingia. Vijana wa sarakasi wakipandana mabegani uwanjani, tulikaa mbele. Siku moja kijana mchoraji alikuwa ametundika picha zake kwenye ukuta wa jengo la posta, na Bibi akasimama mbele ya picha ya mwanamke mwenye shingo ndefu mpaka yule kijana akaona haya akaanza kuifuta vumbi. Siku za maonyesho ya Nane Nane, pale Uyole, ilibidi nimshike kitenge nisije nikampoteza, maana alikuwa anatoka kwenye banda moja kabla hajamaliza kuingia.

Wakati wa kurudi tulipitia kwa fundi wake Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo. Wazee wa fundi huyo walitoka pwani zamani, na yeye mwenyewe alivaa kofia ya kufuma hata akiwa amelowa mvua. Bibi hakuwa na picha wala kipande cha gazeti cha kumwonyesha. Alimweleza kwa mikono, akijipima mabegani mwake mwenyewe, na fundi akasikiliza pini zikiwa mdomoni.

"Mabega yamevimba kiasi gani, mama?"

"Kama andasi lililoumuka."

"Na kiuno?"

"Kiuno kipo. Tafuta utakiona."

Fundi alicheka mpaka akatema pini. Lakini alishona, na katika kushona huko ndipo lilipozaliwa lile gauni la rangi ya chungwa lililotuletea mambo.

Siku hiyo lilikuwa jipya kabisa. Bibi alilivaa palepale kwa fundi, akakunja la zamani ndani ya kikapu, tukateremka Masoko jioni tukiwa tumeshiba. Mimi nilikuwa nimebeba mishkaki iliyofungwa kwenye gazeti. Tulipokata kona ya mwisho tuliwakuta watu wamejaa uani kwa jirani yetu, wanaume wamekaa kimya chini ya migomba, moto unafuka. Jirani mwenyewe, mwanamke aliyelima bega kwa bega na Bibi tangu wote wawili wanaolewa, alikuwa amefariki asubuhi, tulipokuwa bado njiani kwenda.

Watu wote waligeuka. Bibi alisimama katikati ya njia na yale mabega yake, midomo inang'aa mafuta ya nyama. Sijui walitazama kwa muda gani. Kisha akanivua khanga niliyojifunga, akajitanda kuanzia kichwani, akaenda moja kwa moja ndani walikokaa wanawake, na nikamsikia akilia. Alilia kilio cha kweli. Lakini pindo la chungwa lilionekana chini ya khanga usiku mzima, na kwetu msiba haukosi mtu wa kutazama mapindo.

Msiba ulipoanuliwa, baba mkubwa aliitisha kikao. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache aliyekaa ng'ambo ya kijito chetu. Wazee wa ukoo walikaa kwenye viti, Bibi kwenye mkeka, mimi mlango wa jikoni nikijifanya napepeta maharage.

"Mama," alisema baba mkubwa, "watu wananiuliza unafuata nini Mbeya. Sina la kuwajibu."

"Wajibu kwamba nakwenda kutasama."

"Kutazama nini?"

"Watu. Wanavyovaa, wanavyokula, wanavyochesa."

"Na hapa hakuna watu?"

Bibi alifikiri. Hakuwa anafanya jeuri, nakuhakikishia. Alikuwa anatafuta jibu la haki. "Mwanangu, mgomba nimeutasama tangu nisaliwe. Ni msuri. Nimeshauona."

Mzee mmoja alikohoa. Baba mkubwa alisema kwamba mama mtu mzima anayezurura anatia aibu watoto wake, na kwamba anamfundisha mjukuu kuhangaika, na mtoto wa kike akishazoea kuhangaika harudi. Kwa hiyo safari zikome, na mimi nihamie kwake. Hapo nikaacha kupepeta. Nilimpenda Bibi, na hapo mlangoni niliona maisha yangu yote yakivuka kijito, kwenda kwenye ile nyumba ya sala ndefu na saa ya ukutani.

Bibi hakulia wala kubisha. Alisema, "Kabla hujakata shauri, twende wote. Safari moja. Ukishaona, kata."

Sikutegemea kwamba baba mkubwa atakubali. Nadhani hata yeye mwenyewe hakutegemea.

Alikuja amevaa suti ya kanisani na tai. Mwanjelwa alitembea ameshika mfuko wa koti kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine, na kila Bibi alipozama kwenye kundi la watu yeye alisema, "Mama, taratibu," kwa sauti ambayo haikumfikia mtu. Mishkaki aliikataa. Chipsi aliitazama kama dawa. Mwishowe Bibi alituingiza kwenye hoteli ya Waislamu karibu na stendi, akaagiza biriani tatu bila kumwuliza mtu. Baba mkubwa alionja, akaacha kijiko, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii njano ni nini?" Sikujua. Alimaliza sahani, akapangusa midomo, akakaa wima tena kama mtu ambaye hakuna kilichompata.

Alasiri kulikuwa na mashindano ya ngoma uwanjani. Vikundi viliingia kimoja kimoja, na kilipofika cha kwetu, wale wanaume wa shuka nyeupe na ngoma kubwa, ardhi ikaanza kutikisika miguuni. Unajua zile ngoma zinavyofanya, huzisikii sikioni, unazisikia tumboni. Nilipogeuka, Bibi hakuwepo. Alikuwa ameshavuka kamba, yuko kwenye mstari wa wanawake waliotoka kwenda kuwatuza wachezaji, anapiga vigelegele. Kisha akaanza kucheza. Hakucheza kama bikizee anayechekesha watu. Alicheza kama mtu anayejua, magoti yamelegea, mabega yale ya andazi yanapanda na kushuka. Kilemba kikamdondoka na hakukiokota. Alikuwa anacheka mdomo wazi, mapengo yote nje.

Nilimtazama baba mkubwa. Tai yake ilikuwa imepinda na hakuwa na habari nayo.

"Sikujua kwamba anajua kucheza," alisema. Hakuniambia mimi. Baadaye kidogo akasema tena, "Nina watoto sita, sikujua kwamba mama yangu anajua kucheza."

Mvua ilitukuta Tukuyu. Tulipanda nyuma ya pikapu mpaka Masoko, tumejifunika turubai. Kwenye njia panda, mahali ambapo njia ya kwake inaachana na ya kwetu, baba mkubwa alisimama, maji yanamtiririka kwenye ukingo wa kofia.

"Mama, wewe nenda," alisema. "Mtu akiuliza, atakuja kuniuliza mimi. Lakini mtoto atahamia kwangu, shule ikifunguliwa."

Nilingoja Bibi aseme hapana. Nilikuwa nimeshika kitenge chake, nilisikia kabisa anavyovuta pumzi.

"Ndaga," alisema. Asante.

Ni hayo tu. Nilihama na begi langu na kuku mmoja niliyepewa na Bibi, na kwa miezi mingi sikuweza kulisema jina la Mbeya. Kutoka uani kwa baba mkubwa niliiona barabara vizuri. Alfajiri moja, nikiwa nafagia, gauni la chungwa lilipita kule juu, peke yake, linakwenda haraka. Nilisimama na ufagio mpaka lilipotoweka. Kama nina ugonjwa wa kutotulia, rafiki yangu, nadhani niliupatia hapo, kwenye kusimama. Safari zenyewe hazikuniambukiza.

Siku moja nilimwuliza Bibi. Alikuwa amerudi jioni akapitia kwangu kama alivyozoea, na ndizi choma kwenye mfuko. Nilimwuliza kwa nini alikubali nihame.

"Ningekataa, tungekaa wote wawili tukitasama mgomba," alisema. "Sasa mmoja anakwenda, mmoja anasimuliwa. Sogea."

Na alinisimulia. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa akaanza na aliyemwona wa kwanza aliposhuka stendi, alivaa nini, alikunja mikono namna gani, alikuwa anagombana na nani. Aliinuka kuonyesha mwendo wa wasichana wenye viatu virefu. Aliimba wimbo wa kwaya iliyoshindwa na akaeleza kwa nini ilistahili kushinda. Wakati mwingine baba mkubwa alikuwa ndani, dirisha wazi, na nikasikia gazeti lake limeacha kugeuzwa.

Miguu ya Bibi ilikataa nikiwa sekondari, na mwaka uliofuata akatutoka. Tulimzika na gauni lake. Baba mkubwa ndiye aliyelileta mwenyewe, limepigwa pasi. Fundi wa Bagamoyo aliteremka kutoka Tukuyu kuja kuzika, akasimama nyuma ya watu na kofia yake. Sasa naye hayupo, na kibaraza chake wanauza laini za simu. Nyumba ya Bibi ilianguka taratibu, mvua hadi mvua, na mahali pake pana parachichi za kisasa zilizopandwa kwa mistari.

Lakini nilikuwa nakuambia habari za juzi. Gari sikulipanda siku ile. Jioni nilikaa na baba mkubwa uani. Amezeeka sana, haoni mbali, na saa ya ukutani ilisimama siku nyingi. Halafu akanyoosha fimbo yake, akagusa mguu wa kiti changu.

"Huko Dar," alisema, "watu wanavaaje siku hizi?"

Nilifungua mdomo. Wiki ile ile kabla sijasafiri nilikuwa nimehudhuria maonyesho ya mavazi, usiku wa taarab, na soko la vyakula ambako watu walipanga foleni kwa ajili ya urojo. Kote huko nilifika, nikapiga picha, nikaondoka katikati nikiwahi kwingine. Nilijaribu kumkumbuka mtu mmoja, uso wake, alivyokunja mikono. Hakunijia hata mmoja.

"Wanavaa vizuri tu, baba," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole, akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo, akaelekeza sikio lake upande wangu, akangoja niendelee.