Kisima cha Munyiva Chini ya Bwawa

Munyiva alipoolewa upande wa Mwala mwaka wa 1981, mama mkwe alimpeleka chini ya ukuta wa bwawa la Kwa Ngolya akamwonyesha mahali maji yalipochuruzika. Bwawa lenyewe lilikuwa la udongo, wazee walilijenga enzi za mkoloni kwa karai na mjeledi. Maji ya juu yalikuwa ya ng'ombe, mazito na ya kahawia. Lakini yale yaliyopenya ukutani yakatokea chini yalikuwa safi, baridi, hayana harufu. Munyiva alichukua jembe akapapanua, likawa shimo la kina cha kiuno, akalizungushia mawe. Wanawake wa kijiji kizima wakaanza kuteka hapo. Wakakiita kisima cha Munyiva, na kila aliyejaza mtungi alimwombea baraka.

Kila mwaka au miwili, ofisi ya maji ilituma fundi kutoka Machakos mjini kukagua bwawa. Kwa muda mrefu fundi huyo alikuwa Farhan, mtoto wa familia ya Kiislamu yenye duka la vitambaa pale mjini, mtu mpole asiyejua kupaza sauti. Alikuja kwa pikipiki na fomu yake. Mwisho wa fomu palikuwa na maneno matatu achague moja: Nzuri, Wastani, Hatari. Mwaka hadi mwaka alitia alama kwenye Wastani, kisha akapumzika kwa Munyiva akapewa chai.

"Mama Nthenya," alizoea kusema, akimwita kwa jina la binti yake, "hii maji yako inashinda ya bomba kule kwetu."

Kwa miaka miwili kabla ya mvua kubwa ya 1997 kulikuwa na ukame. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama. Basi mvua ilipoanza Oktoba na bwawa likajaa kwa siku kumi, watu walipanda ukutani wakaimba.

Asubuhi moja Munyiva alichovya kata kisimani, ikatoka na matope. Alidhani ni mvua. Kesho yake matope yalizidi, na mchanga laini ulikuwa umejaa hadi nusu ya shimo. Kwa miaka kumi na sita hajaona jambo kama hilo. Maji yale yalikuwa yanatoka na ukuta wenyewe, kidogo kidogo.

Akapanda juu. Bwawa lilikuwa limebakisha shubiri moja kufurika. Pembeni palikuwa na mkondo wa kupunguzia maji yakizidi, ila Jeremiah, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, alikuwa ameuziba kwa tuta la udongo akapanda nyasi za ng'ombe wake wa maziwa.

Alimkuta Jeremiah na wanaume wenzake.

"Mzee, fungua mkondo. Ukuta unatoa udongo kule chini."

"Mama Nthenya, juzi tulikuwa tunachota maji kwa kijiko. Leo Ngai, Mungu wetu, ametupa maji, wewe unataka tuyamwage?"

"Sio yote. Yapungue tu."

"Kwa sababu kikombe chako kiko na matope?"

Wanaume wakacheka. Mmoja akauliza kama mume wake, Kilonzo, aliyekuwa kibarua katika kiwanda cha Athi River, anajua kwamba mkewe sasa ni injinia.

Farhan alifika Alhamisi, amelowa hadi kifuani. Alipiga magoti kisimani, akachota maji kwa kiganja, akayasugua kati ya vidole. Munyiva alimwona akibadilika uso. Jeremiah akamvuta kando, lakini si mbali vya kutosha, Munyiva akasikia.

"Ukiandika Hatari, ofisi itasema bwawa lifunguliwe. Mifugo itakunywa nini Januari? Andika kama kawaida. Mvua ikiisha tutatengeneza."

Farhan aliutazama ukuta, akawatazama watu waliosimama juu yake. Akatia alama kwenye Wastani. Siku hiyo hakungoja chai.

Jumamosi asubuhi Munyiva alichukua jembe akaenda kulibomoa lile tuta yeye mwenyewe. Alikuwa amepiga mara nne au tano Jeremiah alipofika mbio. Alimnyang'anya jembe, akamsukuma, Munyiva akaanguka kifudifudi katika matope mbele ya majirani. Hakuna aliyemwinua. Mwanamke mmoja, aliyeteka kisimani kwake tangu akiwa msichana, alisema, "Mchawi tu ndiye anayemwaga maji."

Munyiva alirudi nyumbani mbio. Binti yake Nthenya, wa miaka kumi na minne, alikuwa amekaa mlangoni akijisuka, upande mmoja tayari.

"Kimbia bondeni, toa mbuzi, uwalete huku juu. Usikawie."

"Nimalize kusuka kwanza, mwaitu," Nthenya akamjibu mama yake.

"Enda sasa!"

Msichana akaenda akinung'unika. Haikupita nusu saa, ukasikika mlio kama wa lori linalomwaga mawe. Munyiva alitoka nje. Pale penye bwawa palikuwa na pengo, na bonde lote lilikuwa linatembea.

Mzee mmoja alikufa pamoja na punda wake. Nthenya walimpata siku ya tatu, amenasa katika miiba mbali sana chini, nywele zake nusu zimesukwa. Mbuzi karibu wote walirudi wenyewe.

Wiki tatu baadaye chifu aliita baraza. Farhan aliketi mbele na karatasi magotini, lakini hakuisoma yeye, alisoma chifu. Bwawa lilikuwa katika hali ya wastani, taarifa ilisema, na chanzo cha kubomoka ni shimo lililochimbwa chini ya ukuta na mkazi wa hapo. Kuhusu mkondo uliozibwa hapakuwa na hata mstari. Maji yalikuwa yamezoa tuta, nyasi na kila kitu.

Munyiva akasimama.

"Bwana Farhan, hilo shimo umeliona miaka mingapi? Si ulikuwa unakunywa chai yake?"

Farhan alitazama viatu vyake. "Mama, tunazungumzia ukuta. Chai ni kitu ingine."

"Kaa chini," Jeremiah akasema. "Umeua watu."

Tangu hapo mwethya, kikundi cha wanawake cha kusaidiana mashambani, hakikumwita tena. Alilima peke yake. Kilonzo alikuja kutoka Athi River, akakaa kaburini kwa muda mrefu, kisha akafungasha nguo za wana wao wawili wa kiume.

"Ulimuua mtoto wangu kwa jembe," alimwambia, akaondoka nao.

Mwaka wa 2005 bwawa lilijengwa upya. Jeremiah alikuwa ameshafariki, na bwawa likapewa jina lake. Mhandisi alikuwa msichana aitwaye Ndila, na siku moja Munyiva alimngoja mpaka akawa peke yake, akamuuliza kama kweli kisima kinaweza kubomoa bwawa. Ndila alifungua faili la zamani la ofisi ya maji. Karatasi ya 1974 ilisema: maji yanavuja chini ya ukuta, hatari, yazibwe haraka. Mwaka wa 1974 Munyiva alikuwa mtoto kwao Kithimani, hajui hata Mwala iko wapi.

"Kisima chako hakikusaidia," Ndila alisema. "Lakini huu ukuta ulikuwa mgonjwa kabla yako. Wao walijua."

Alimtolea nakala. Munyiva hakuionyesha kijijini, nani angeisoma? Aliikunja, akavaa nguo ya kanisani, akaenda Athi River.

Kilonzo aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Aliisoma mara mbili. Munyiva alisubiri, moyo unampiga kama wa msichana.

"Sawa," Kilonzo alisema. "Bwawa hukulibomoa wewe. Na Nthenya, nani alimtuma bondeni?"

Nyuma yake mwanamke mwingine alichungulia, amebeba mtoto mgongoni. Kilonzo alirudisha karatasi. Munyiva akaipokea, akauliza stendi ya magari iko upande gani, akaonyeshwa kwa kidole.