Pale Rekodi Haikuvuta Pumzi

Remei Sorribes anachambua machungwa kwenye ghala la ushirika, na kwa miaka kumi na tisa ndiye mtunza karatasi za muziki wa bendi yetu ya hapa Benimarral. Ni bendi ya ala za kupuliza, watu hamsini na wanne, na mimi ni mpiga tuba, lile pembe kubwa la sauti nzito, kiti cha mwisho ukutani. Mwenye tuba huona migongo ya wote, kwa hiyo msinibishie katika haya nitakayosema.

Kila majira ya baridi wachapishaji hutuletea rekodi za muziki mpya, thelathini, arobaini, wakitaka tununue karatasi zake. Bendi nyingine husikiliza na kuchagua iliyowafurahisha, basi. Wapinzani wetu, bendi ya ng'ambo ya barabara, nathubutu kusema, huchagua yenye kelele nyingi. Remei ana njia yake. Jumamosi alasiri, chumba cha mazoezi kikiwa kitupu, hufungulia rekodi kwenye spika, kisha hukaa kwenye viti vyetu kimoja baada ya kingine. Akiwa kwenye kiti cha obo, ile kama zumari nyembamba, anavuta pumzi pale obo ya kwenye rekodi inapovuta. Akihamia kwa fagoti, ile ndefu ya mti, vivyo hivyo. Siku moja nilirudi kuchukua mwavuli nikamkuta kwenye kiti changu, macho ameyafumba, mashavu yamejaa hewa. Nilisimama mlangoni nisithubutu kukohoa.

"Hii tunaitupa," aliniambia bila kufumbua macho. "Ukurasa wa tisa utakuua."

"Mimi? Mimi nina mapafu ya ng'ombe!"

"Ulikuwa nayo kabla ya sigara, babu wee. Hapa panataka sekunde kumi na tatu. Wewe una kumi."

Nilikwenda nyumbani nikajipima kwa saa ya jikoni. Kumi. Nikarudia, kumi. Mara ya tatu, tisa. Miaka yote ile mwanamke huyu alikuwa akipiga klarineti yake mbele yangu, amenipa mgongo, na pumzi zangu anazihesabu.

Hivyo ndivyo alivyotuchagulia muziki wote, wa mashindano, wa maandamano ya mtakatifu, hata wa wale wanne wa klarineti wanaopiga harusini. Hakuwahi kutuchagulia muziki uliotuzidi, mpaka mwaka jana.

Februari ile machungwa yalikuwa mengi na baridi kali ilikuwa inakuja, ghala likafanya kazi hata Jumamosi na Jumapili. Remei akasikiliza rekodi akiwa kazini, spika ndogo moja sikioni, machungwa yakimpita mbele. Moja ilimtoa machozi. Ilikuwa ya bendi kubwa ya mbali, na katikati yake kuna trompa moja, ile pembe ya shaba iliyojikunja, inaimba peke yake huku bendi nzima imenyamaza. Alituletea, nasi tukalia. Tukaipigia kura, mikono yote juu, kwa mashindano ya Julai.

Trompa yetu ya kwanza ni Quelo Bonastre, mwashi, miaka hamsini na tisa, na arobaini na moja kati ya hiyo amekikalia kiti kilekile. Quelo akipiga, mimi husahau kuhesabu zamu yangu. Lakini kipande hiki kilimshinda. Kwenye rekodi sauti inapanda, inakaa juu, inashuka, inapanda tena, bila kukatika hata mara moja. Quelo akifika katikati hewa inamwishia na noti inapasuka. Machi ilipasuka. Aprili ilipasuka. Mwalimu Llopis, kiongozi wetu, ni mtu wa subira, ila naye alikuwa na rekodi nyumbani.

"Quelo, mwenzako wa kwenye rekodi anaivuta mpaka mwisho."

"Nimemsikia, mwalimu."

Kule kwenye tarumbeta mtu akasema bila kupunguza sauti, "Saruji hiyo, imeshamla mapafu." Quelo akainamia trompa yake, akaanza tena toka mwanzo.

Jumanne moja ya Juni tulikuwa kwenye kifungua kinywa cha saa nne, mikate ya soseji, zeituni, karanga na kahawa yenye ramu. Quelo akaingia na sanduku la trompa. Ala ni mali ya chama cha bendi, na anayeacha humkabidhi mtunza karatasi. Akaliweka mezani mbele ya Remei.

"Pokea, dada. Mpeni mwenye pumzi."

"We Quelo, umerogwa? Toa sanduku lako juu ya karanga zangu."

"Nimezeeka, Remei. Yule wa kwenye rekodi anaweza, mimi siwezi. Sitaki kuwaaibisha mbele ya watu elfu mbili."

Remei alibadilika rangi. "Kiti chako," akasema polepole. "Mwaka huu sikukaa kwenye kiti chako."

Akainuka akaacha mkate wake nusu. Kwetu hilo si jambo dogo.

Tulimfuata mimi na Quelo mpaka chumba cha mazoezi. Akaketi kwenye kiti cha trompa, akafungulia rekodi. Trompa ikavuta pumzi, naye akavuta. Sauti ikapanda, Remei kashikilia. Uso ukaiva, mishipa ya shingo ikamtoka, na ile trompa inaendelea tu, safi, haina haraka. Nilitaka kuizima. Mwishowe mdomo ukamfunguka, akahema kama aliyetolewa kisimani.

"Tena," akasema.

Mara ya nne akainua kidole. "Hapo. Mmesikia mwangwi?"

Mimi sikusikia kitu. Quelo naye hakusikia.

"Noti ya juu ikiisha, ukumbi ulipaswa kulia kidogo nyuma yake. Mwangwi huu unakatika ghafla. Wameunga vipande viwili. Huyu mtu alipiga nusu, akapumua, labda akanywa na maji, akapiga nusu nyingine. Pumzi yake wameikata wakaitupa."

Tangu siku ile nimeisikiliza mara nyingi sana, na mpaka leo siusikii ule mkato. Namwogopa Remei kidogo, sioni haya kusema.

Kisha akafungua kabati akatoa nakala safi ya muziki ule, isiyoguswa na mtu. Palepale katikati mtunzi alikuwa ameweka alama ya kuvuta pumzi. Akaichukua karatasi ya Quelo akailinganisha. Alama ilikuwa imefutwa kwa raba mpaka karatasi imechakaa.

"Nani kafuta?"

"Mimi," Quelo akasema. "Kwenye rekodi haikuwepo. Nikadhani mchapaji kakosea."

"Mjinga wewe! Mwenye muziki kakupa pumzi, wewe unamrudishia!" Remei akacheka, kisha kicheko kikamgeuka kilio. "Na mjinga mkubwa ni mimi niliyekuletea. Chukua sanduku lako."

Mwalimu Llopis hakuafiki. Waamuzi wote wanaijua rekodi ile, alisema, wakisikia pengo watatukata alama.

"Akivuta kwa kujificha ndiyo litakuwa pengo," Remei akamwambia. "Avute waziwazi. Wewe simamisha mkono, umngoje."

"Na tukishindwa?"

"Tutashindwa, tutakula, tutarudi nyumbani. Ila tutarudi na Quelo."

Julai ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Bendi ikanyamaza, Quelo akaanza, nami nikamtazama mgongo, shati limelowa lote. Sauti ikapanda, ikakaa juu, na palepale akaiacha. Mwalimu Llopis akasimamisha mkono hewani. Quelo akafungua mdomo akavuta pumzi ya mwashi, ya kusikika mpaka viti vya mwisho. Na ukumbi mzima ukavuta naye. Niliisikia kwa masikio yangu haya, watu elfu mbili, pumzi moja, hata waamuzi mezani mabega yao yaliinuka. Kisha Quelo akaimba nusu iliyobaki. Zamu yangu ilipofika nilikuwa bado nimeishika pumzi ile, sitaki kuiachia.

Tulishika nafasi ya pili. Waamuzi waliandika kwamba tuba ilichelewa kuingia. Kuhusu pumzi ya Quelo hawakuandika hata neno.